Daftari la Maswali ya Kahawa

Ruiru,
14 Juni 1955

Kwa ndugu yangu Bedan,

Pokea salamu zangu kwanza. Natumaini kile kifua kimepona na joto la Kisumu halijakuchosha. Sisi tu wazima, ila baridi ya huku haina adabu. Barua hii anakuletea Mwanzia mkononi, kwa sababu barua za posta serikali huzisoma kabla yako.

Bado ni karani katika kituo cha utafiti wa kahawa, lakini sasa niko na Odhiambo, kijana aliyetoka Makerere juzi. Amegundua kwamba mbuni ukipogolewa vizuri, jua likaingia, wale kunguni wanaoharibu buni hukimbia. Habari njema kabisa, ila alipoieleza mara ya kwanza kijijini kwenu Thika, watu walipiga miayo. Nikajitia ualimu. Nikamwambia aache karatasi, apasue buni waone doa kwa macho, kisha anyamaze, waulize. Mimi ningetafsiri kwa Kikuyu changu cha Kikamba, kile mnachokicheka.

Bedan, ilifana! Maswali yalimiminika, nami kwa kimbelembele changu nikayaandika yote daftarini, kila swali na jina la mwenyewe, ili Odhiambo arudi na majibu. Mama yako aliuliza atapogoa saa ngapi, ikiwa homugadi, wale walinzi wa serikali, huwafungulia lango la kijiji kwa muda wa kuchota maji tu. Watu wakacheka. Odhiambo akasema hakuna swali lililolishinda hilo.

Kesho yake Bwana D.O., yule mzungu mkuu wa tarafa, akaja ofisini, akasema amesikia habari za mkutano na angependa kuliona daftari. Siku ya tatu mama yako akachukuliwa na askari kwa lile swali lake.

Umeniomba nichunguze ni nani aliyemponza hata akafungwa kambini, na unamshuku jirani yenu Mburu. Mburu hana hatia. Ni mimi. Tena nilikuwa na nafasi ya kuuchana ule ukurasa, maana D.O. alikunywa chai kwanza kwa mkubwa wetu. Sikuuchana. Niliogopa kunyang'anywa pasi, kile kibali cha kutembea na kufanya kazi huku. Niliogopa, basi.

Sasa analitaka daftari kila juma. Nisipoandika nitaulizwa kwa nini. Nikiacha kazi, pasi inakwenda nayo. Jumanne nilitangulia kijijini, nikawanong'oneza watu wasiulize lolote. Hawakuuliza. Njiani tukirudi Odhiambo, karibu kulia, alitaka kujua amekosea wapi. Nikamwambia siku nyingine apaze sauti.

Mke wangu Mbula na watoto wanakusalimu sana. Yeye bado sijamwambia. Ukinyamaza sitakulaumu.

Ndimi,
Kitheka