Mikrobe ya Ufizi Wangu

Bunia, siku ya tano, mangaribi

Dawa ya ufizi wangu nimeipata miye mwenyewe, kwa akili yangu. Uongo. Ni Noela, mutoto wa dada yangu, aliipata ku labo anakopimia magonjwa. Alichota usaha yangu, akaipanda mu kisahani, akaweka juu vikaratasi vyenye antibiotike mbalimbali.

Leo akanionyesha. Ile dawa ya rangi mbili ninanunuaka sokoni na kumwangia jino unga yake, mikrobe, vile vidudu vya usaha, imeota mpaka pembeni yake, imenona.

“Mujomba, weye ulikuwa unaitilia chumvi tu!”

“Basi inikaribishe kwa meza.”

Lakini kwa kikaratasi kingine kuko duara safi, hata mikrobe moja haiko. Nitameza hiyo, na itashinda. Ila meno yangu mbili ya mbele inacheza, na hiyo inaniogopesha. Njia ya Mambasa iko wazi kwa sasa; wakwe wanatoka huko kuleta mbuzi za mahari ya mujukuu wangu posho, mwisho wa juma hii. Miye ninywe supu siku hiyo?

Nyinyi mikrobe, nimewalisha nyama miaka yote, sikuwaomba kitu. Mukienda, muniachie hayo meno mbili. Mpaka mbuzi iishe tu.