Raba Tuliyoisahau Dirishani

Chumba cha uani,
Nyumba yenye geti la kijani.
Jumanne, mchana.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakusalimu kwa mikono miwili, nikitumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, nyonga haikuumi sana na macho yamekupa nafuu kidogo. Ulishaniambia simu huipendi kwa sababu maneno yake hayasomeki mara ya pili, ndiyo maana nimeshika kalamu. Namsalimu pia dada muuguzi anayekusomea. Dada, ukifika mahali ninapomsifu mume wangu usione haya, wewe soma tu. Shangazi ndiye aliyenilea, anajua mdomo wangu hauna breki.

Sisi huku tu wazima. Mimi nimenenepa mashavu, na ndoa, Shangazi, ni tamu kuliko ulivyonisimulia. Mpaka leo nikisikia komeo la geti jioni moyo unanidunda kana kwamba bado tunachumbiana kwa kujificha. Anaingia ananukia sponji mpya kutoka kiwanda cha magodoro, anavua viatu mlangoni, ananiuliza nimeshindaje kabla hata hajanywa maji. Sikujua mtu anaweza kuipenda harufu ya sponji. Naipenda.

Mama mkwe naye yupo, tunaishi naye ua mmoja, yeye nyumba ya mbele, sisi chumba cha nyuma. Ananitania kutwa. Anasema nimemfanya mwanawe awe mtu wa kutabasamu peke yake kama aliyeokota kitu.

Sasa nina jambo zito, na nikilichelewesha zaidi utalisikia kwenye sauti ya dada kabla hajalifikia. Hatutaweza kuja Jumamosi. Wala sijui tena ni lini.

Uliniandikia kwamba daktari wa macho amesema kufikia mwisho wa mwaka utabaki kuona mwanga tu, watu hutawaona. Ukasema harusi hukuiona, zawadi huihitaji, ila unataka uuone uso wa mwanaume aliyenichukua wakati bado unaweza. Nilimsomea mume wangu maneno hayo. Akasema tutakwenda na gari la baba.

Gari hilo ni la marehemu baba mkwe. Limekaa uani chini ya turubai tangu alipofariki. Kwa basi, kwa kubadilisha na kulala njiani, kuja kwako ni siku tatu, na likizo ya harusi aliyopewa mume wangu, inayoanza Ijumaa, ni siku nne tu. Kwa gari ni kutwa moja, kutoka alfajiri hadi alasiri. Kwa hiyo unaona, bila gari hakuna safari.

Injini iliwaka bila ubishi, tukapiga makofi. Shida ilikuwa kwenye kona. Kila alipokata usukani, gurudumu la mbele lilitoa sauti kama mtu anayetafuna vipande vya barafu. Akaja fundi wa gereji ya jirani, anayeitwa Spana mtaa mzima, akaingia uvunguni, akatoka akasema ni jointi ya shafti. Shafti, Shangazi, ni ule mkono wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, na jointi ni kiungo chake, kama kifundo cha mguu. Hufunikwa na raba yenye mikunjo inayozuia grisi isitoke. Ya kwetu raba ilikuwa imechanika, grisi imekwisha, mchanga umeingia na umeila jointi kutoka ndani. Spana alikuwa na magari yamejaa hadi nje ya uzio wake. Mume wangu akasema ataifanya mwenyewe hapa nyumbani, kwani aliwahi kumshikia baba yake taa akifanya kazi kama hiyo.

Basi Jumamosi iliyopita, alipoanza wiki ya zamu ya usiku na mchana akabaki nyumbani, tukaanza. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu ilikataa kabisa. Mimi nilikaa ndani nikakanyaga breki kwa miguu miwili, yeye akasimama juu ya mkono wa spana na uzito wake wote. Ilipoachia, akaangukia makalio. Nilicheka mpaka nikateremka garini, naye chini pale pale akanicheka ninavyocheka. Pua yake ilikuwa na grisi. Shangazi, sijawahi kuona pua nzuri namna ile.

Akaichomoa shafti, akatoa jointi mbovu, akaipeleka kwa muuza spea ili ilinganishwe. Gari la umri ule spea zake ni za kutafuta kwa tochi. Muuza spea alikuwa na jointi moja tu, na raba yake mpya. Ile mbovu akaitupia kwenye rundo lake la chuma chakavu.

Mimi nikapewa kazi ya raba. Niliifuta unga wa kiwandani, nje na ndani ya kila mkunjo, nikaitandikia taulo safi kwenye dirisha la mama mkwe ili isiguswe na mchanga. Nilijiona mke wa kweli, mwenye manufaa.

Yeye akaiweka jointi mpya kwenye ncha ya shafti, akaigonga taratibu kwa nyundo na kipande cha mbao, mpaka tukasikia kitu kimeingia mahali pake. Ndani kuna kipete cha chuma kinachojifunga, kikishajifunga jointi haichomoki. Alitupa nyundo, akaninyanyua, akanizungusha ua mzima. Gauni langu la njano limebaki na alama za vidole vyake kiunoni. Sitaki kulifua.

Ndipo mama mkwe akafungua dirisha.

“Na hii soksi mliyoniwekea huku ni ya nani?”

Tuligeuka. Raba ilikuwa imekaa juu ya taulo yake, safi kabisa.

Raba ile, Shangazi, hupitishwa kwenye shafti kwanza, ndipo jointi ifuate. Jointi ikishakaa, hakuna tena njia ya kuipitisha. Mimi nilidhani inavalishwa mwisho, kama foronya kwenye mto. Yeye alikuwa anajua. Anasema siku ile macho yake yalikuwa kwangu muda mwingi kuliko kwenye shafti, na mimi, Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi kusikia hivyo.

Mama mkwe alitutazama kwa zamu. Akasema tumeshavaa kiatu na sasa tunatafuta pa kupitishia soksi. Kisha akaacha utani, akamwambia mwanawe aondoke nayo hivyo hivyo, baba yake angeondoka nayo. Mume wangu akakataa.

“Mama, simpakii mke wangu kwenye kazi nusu.”

Nilimpenda sana aliposema hivyo. Nakuandikia ukweli, Shangazi, sikumwambia afikirie mara mbili.

Jumapili akaanza kuitoa jointi ili airudie kazi kwa mpangilio. Kile kipete cha ndani kikagoma. Akaifunga shafti kwenye mguu wa meza ya saruji pale uani, akapiga upande huu, akapiga upande ule. Alipaka oili, akangoja, akapiga tena. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikimenya viazi. Kisha nikasikia mlio mwingine, mkavu, si wa chuma kinachoachia. Ndani ya jointi kuna kizimba kinachoshika gololi zake, na hicho kilikuwa kimepasuka. Gololi zikamwagika kwenye saruji, zikakimbia kila upande, moja ikaingia kwenye mfereji wa maji machafu. Alizifuata kwa magoti moja moja, akazikusanya kiganjani, akabaki amezishika.

Jana asubuhi Spana akapita. Aliigeuza ile jointi mkononi, akaiweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Mume wangu akamwuliza je, ile juzi, kabla hajaanza kuipiga, angeweza kusafiri nayo bila raba?

Spana akasema, “Ungeijaza grisi, ukaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli na waya. Mngekwenda na mngerudi.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajibu alichoulizwa. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akamshukuru, akamsindikiza hadi getini. Aliporudi akakaa juu ya gurudumu lililolala pale, akaanza kufuta spana ambazo zilikuwa safi.

Tumejaribu kila mlango. Muuza spea hana nyingine, na ile mbovu imeshaondoka na lori la chuma chakavu. Ameagiza, lakini anasema kitu kama hicho huja kinapotaka chenyewe. Dereva wa teksi tunayemfahamu alipoulizwa umbali, alicheka kwa adabu na kutuuliza kama tunataka chai. Mume wangu akaenda kumwomba bosi wake amwongezee siku, au hata asogeze mbele likizo. Bosi akamwambia, “Kijana, wewe umeoa wiki sita tu zilizopita, tayari unataka fungate la pili?” Wenzake wakacheka. Likizo haisogezwi, ratiba ya zamu imeshabandikwa. Nyingine ni mwakani, na kati ya hapo anapumzika Jumapili tu. Mwakani, Shangazi, sote tunajua maana yake.

Alinisihi nije peke yangu kwa basi. Nikamwambia mimi unanijua uso wangu hata taa ikizimwa. Usiyemjua ni yeye.

Nilifikiria kukutumia picha. Nimeikata ile nzuri ya harusi, nimeitia bahasha, nimeitoa tena, kwa maana dada aliniambia picha siku hizi unaigeuza geuza halafu unaiweka chini bila kusema. Basi nitajaribu kwa maneno.

Ni mrefu, ila anatembea ameinama kidogo kama anayepita mlango mfupi. Uso wake si mpana. Nyusi nene, zinakaribia kukutana. Sikio la kushoto limesimama kuliko la kulia, na mimi hilo ndilo ninalolishika nikimwamsha. Ana kovu dogo kidevuni, alilolipata utotoni alipoanguka na chupa. Akicheka jicho moja hutangulia kufumba na jingine hufuata. Akiwa na huzuni, kama leo, uso wake hauonyeshi kitu, ila anameza mate mara kwa mara.

Nimesoma tena nilichoandika. Nampenda mtu huyu kuliko pumzi yangu, niko naye chumba kimoja, anapaka mafuta kwenye jeki ambayo haina kazi tena, na nikisoma maneno haya naona uso wa mtu yeyote. Nilidhani nikipenda sana nitaweza.

Nilimwuliza anataka nikuandikie nini kutoka kwake. Akaweka jeki chini.

“Mwambie nilikuwa nimeshanyoa.”

Basi nimekuambia. Alinyoa Jumamosi asubuhi, wiki nzima mapema, ili kidevu kipoe vipele kabla hujamkagua.

Nisalimie mjomba wa cherehani, mwambie suti aliyoshona ilimkaa bwana harusi hata watu wakageuka. Nisalimie binamu zangu mapacha na mama yao, na bibi wa nyumba ya pili aliyekuwa akitugombeza kwa kelele. Mama mkwe anakusalimu kwa heshima zote, anasema alitamani sana mjuane. Mungu akae karibu nawe, akuondolee maumivu ya nyonga, na kama giza ni lazima lije, lije polepole na likukute una mtu pembeni.

Dada ameniandikia kwamba unamwuliza siku kila asubuhi, na kwamba umepanga Jumamosi utoe kiti nje mapema, upande wa jua, ili tukifika mume wangu asimame pale ambapo bado unaona vizuri.

Tafadhali, Shangazi, usikitoe.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kipimo,
Chiriku