Tundu la Nane

Sasebo, 14 Januari 1984

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini mwaka mpya umekukuta mzima, na kiuno hakikutesi sana na baridi hii. Theluji ya huko Noshiro imefika wapi, dirishani au darini? Na msaidizi wako Bi Otane bado anagombana na boila la bafu lako la kulipia kana kwamba ni mume wake? Msalimie sana. Sisi huku hatujambo. Muneharu anachomelea meli kama kawaida, na mimi bado niko dirishani nakata tiketi za feri.

Kuhusu jambo letu, bado. Kila sarafu ya yeni kumi yenye meno ukingoni inayonipitia mkononi naigeuza. Mwezi huu nimepata moja ya mwaka wa 27 wa enzi hii ya mfalme wetu, Showa, na mbili za mwaka wa 29. Ya mwaka wa 31, mwaka wangu wa kuzaliwa, hakuna. Mwenzangu wa dirisha la pili ananiita mganga, anasema napigia ramli chenji za watu.

Baba, nina neno. Nina mimba, mwezi wa nne sasa, natarajia mwishoni mwa Juni. Unajua desturi yetu, mimba ya kwanza mtu hujifungulia kwao. Wenzangu wananiuliza nitaondoka lini. Nawajibu mwezi wa tano, kwa sababu naona aibu kuwaambia kwamba siku naondoka ulisimama mlangoni ukaniambia nisikanyage tena hapo mpaka niipate sarafu ya mwaka wangu. Sikatai, ulikuwa na haki ya kukasirika. Ulishampa mtengeneza tofu ahadi kwamba mwanawe atanioa na kulirithi bafu, mimi nikaondoka na mchomeleaji. Lakini ni miaka tisa sasa, na nimetafuta kwa moyo mmoja.

Siombi ulifute neno lako. Naomba uliweke pembeni mpaka nijifungue. Nataka kuwa karibu na wewe siku ile, maana mama hayupo.

Namba ya simu ni ileile, nimeiandika hapo chini kama kila mara, ingawa najua hutapiga.

Mwanao,
Chizuko


Noshiro, 20 Februari 1984

Chizuko,

Marahaba. Theluji imefunika kamba ya kuanikia mataulo. Kiuno ni changu, niachie mwenyewe. Wateja wamepungua, siku hizi kila mtu anajengewa bafu nyumbani kwake halafu analalamika kwamba hana wa kumsugua mgongo. Otane anasema usibebe vizito na usisimame kwenye upepo wa bandarini.

Nimekutumia figili za moshi, pakiti nne. Mama yako alipokuwa na mimba yako alizila mpaka nikalificha pipa.

Kuhusu sarafu, huenda hutazami vizuri. Ya mwaka huo ni adimu. Endelea kutafuta.

Baba yako


Sasebo, 18 Machi 1984

Baba,

Shikamoo. Figili zimefika, zimeisha. Mimi mzima na mtoto anacheza.

Jumapili iliyopita nilichukua akiba yangu yote nikapanda treni mpaka Nagasaki, kwenye duka la sarafu za zamani. Nilisema kama bahati imekataa kunipa, basi nitainunua. Mwenye duka ni mzee mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kwenye paji. Nikamwambia nataka ya yeni kumi yenye meno, mwaka wa 31. Akacheka. Alipoliona tumbo langu na namna nilivyolikumbatia begi, akaacha kucheka.

"Mama, hebu kaa kwanza," akasema. "Mwaka huo haikutengenezwa hata moja. Seti nzima ni saba. Nani alikwambia kuna ya nane?"

"Baba yangu."

"Basi baba yako anapenda utani."

Sikukaa. Nilirudi stesheni kwa miguu, na kwenye treni nililia mbele za watu.

Ule ubao wa mwerezi ulioniwekea pale kaunta ya bafu ulikuwa na matundu manane ya sarafu, moja kwa kila mwaka. Nilikuwa nakaa kwenye goti lako kila jioni tukigeuza chenji za wateja, na tundu la sita, lile tupu la mwaka wangu, nililijua kwa kidole hata nikifumba macho. Sasa nina swali moja tu, na sitaki lingine lijibiwe. Ulijua? Maana kama ulijua, basi siku ile hukuniambia nirudi nikiipata. Uliniambia nisirudi kabisa.

Chizuko


Noshiro, 2 Aprili 1984

Mwanangu Chizuko,

Salamu zako nimezipata, nami sistahili.

Nilijua.

Nilipouchonga ubao sikujua. Sarafu za meno zilianza mwaka wa 26 zikaisha mwaka wa 33, nikahesabu miaka nane, nikachonga matundu manane. Mjinga yeyote angefanya hivyo. Aliyeniumbua ni Hatakeyama kinyozi, ambaye alikuwa anakusanya kama sisi. Alikuja bafuni siku moja kifua mbele, akasema seti yake ya sarafu saba imetimia. Nikamwambia bado ya nane, akanicheka hadi akadondosha sabuni. Wewe ulikuwa na miaka saba.

Unajua alifanya nini baada ya pale? Mwezi mzima aliwaonyesha wateja mpaka wakahama kinyozi. Halafu akazitia kwenye droo pamoja na nyembe mbovu. Nilikuwa namtazama akipokea pesa, hata chini haangalii tena. Mtu aliyekuwa anang'ang'ania kila chenji ya kaunta yangu kama mwewe, akawa anaitia mfukoni tu. Nikamuuliza, sasa? Akasema, sasa basi.

Chizuko, mama yako alikuwa amefariki kipupwe kile. Ulikuwa husemi na mtu, si shuleni, si na Otane. Ulikuwa unasema na mimi tu, jioni, tukigeuza sarafu. Zetu saba zilikuwa zimeshatimia kitambo. Nikifikiria kukwambia basi, nilikuwa naona goti langu tupu. Nikakuacha utafute. Nikasema mwakani nitamwambia. Hivyo hivyo mpaka ukawa mkubwa, na mimi nikazoea.

La mlangoni sina la kujitetea. Nilitaka kukuumiza, nikachukua kitu ambacho kati yetu ni mimi peke yangu niliyejua hakipo. Ulipoinua kichwa ukasema "sawa Baba, nitaitafuta," nilitamani ardhi inimeze. Ukaanza kuandika barua. Bado, Baba. Bado, Baba. Nami nikawa nazisubiri kila mwezi, nikajidanganya kwamba ukiendelea kutafuta basi bado tuko wote kaunta.

Sina uso wa kukuomba lolote. Jitunze.

Baba yako


Noshiro, 6 Mei 1984

Chizuko,

Hujambo? Mwezi umepita, barua hakuna. Sikulaumu. Maua ya cheri yameshapukutika yote, mferejini yamejaa, Otane anayafagia kwa matusi. Amesafisha chumba chako cha juu na kuanika godoro. Sikumtuma, wala sikumkataza.

Namba yako naijua kwa kichwa. Ile simu nyekundu ya kutumbukiza yeni kumi ipo palepale mlangoni, hatua sita kutoka nilipokaa. Wateja wanaitumia kuwauliza wake zao kama wali umeiva. Nimenyanyua mkono wa simu mara nyingi nikaurudisha. Mimi kuandika naweza. Kusema ndiko kumenishinda tangu mama yako aondoke.

Kama huji, niandikie tu kwamba umejifungua salama. Neno moja linatosha.

Baba yako


Sasebo, 17 Mei 1984

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, mtoto mzima, miguu tu imevimba.

Nilikaa kimya kwa sababu barua yako ya Aprili niliisoma mpaka karatasi ikalegea, nikitafuta neno moja, sikuliona. Uliungama yote, Baba. "Njoo" hukuandika. Hata barua ya Mei umetaja godoro, umetaja chumba, ukaruka hilo. Nikasema kumbe bado hanitaki. Nikamwambia Muneharu nitajifungulia hukuhuku, na tayari alikuwa ameshanitafutia mkunga.

Halafu juzi saa kumi jioni simu ikalia. Nikaitika, kimya. Nilitaka kukata, nikasikia mabeseni yakigongana na mwanamke kwa mbali analifokea boila. Nikajua ni wapi.

Nikategea sikio. Nilisikia sarafu ya kwanza ikianguka ndani ya mashine. Kutoka huko mpaka hapa kila moja haidumu hata pumzi mbili. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa nahesabu kwa vidole kama mtoto. Ya nne, ya tano, na pumzi zako nazisikia, zimekuwa nzito, Baba, umezeeka. Ya sita. Ilipoanguka ya saba ukasema "Chizu." Jina lile hujaniita tangu niko shule ya msingi. Nikasikia unavuta pumzi useme jingine, laini ikakatika.

Nikabaki na mkono wa simu sikioni nikisubiri upige tena. Hukupiga. Nikakasirika, nikasema mwenye bafu, aliyekalia droo nzima ya chenji hatua sita kutoka kwenye simu, anaishiwaje baada ya sarafu saba? Ndipo nilipoketi chini palepale kwenye mkeka. Nilijua ni saba zipi.

Miaka ishirini na zaidi ulizitunza zile, hata kinyozi ulimnyima kuzishika. Sasa ni za kampuni ya simu, na ubao hauna kitu.

Baba, neno lililokuwa linafuata baada ya jina langu nimelisubiri miaka tisa. Silitaki kwa barua, na kwa simu sarafu hazitoshi. Naja kulisikia hapohapo mlangoni uliponifukuzia. Muneharu amenikatia tiketi ya treni ya kesho. Barua hii itachukua siku nne na mimi siku mbili, kwa hiyo mtu wa posta akikuletea, nitakuwa nimekaa kando yako nimeinua miguu. Usiijibu.

Nakuja na sarafu ya yeni kumi. Haina meno, inang'aa, ni ya mwaka huu, wa 59, mwaka wa huyu aliye tumboni. Safari hii nilimpigia kwanza yule mzee wa Nagasaki, nikamuuliza kama mwaka huo upo kweli. Akasema upo, tena zimejaa tele.

Tutaiweka kwenye tundu langu.

Mwanao,
Chizu