Mwache Alie

Wifi yangu mpenzi,

Namshukuru Mola, tumepata chumba chenye dirisha, nami nafua mashuka hospitalini. Kaka yako bado anakoroma kama trekta.

Nimesikia mnaondoka Jumatatu na mtoto. Mkikaribia mpaka, yule anayewavusha atakupa dawa ya usingizi umnyweshe. Atakuambia, "Kijiko kimoja tu, mama, askari wasimsikie." Mimi nilimnywesha mjukuu wangu. Alinyamaza, tukavuka salama, lakini hakuamka tena. Ndiyo maana kila ukimuulizia nilikuwa nabadilisha mazungumzo.

Wako mwache alie, wifi, hata mkikamatwa. Mkirudishwa, Mungu atawafungulia njia siku nyingine, na mtoto mtakuwa naye.

Ni mimi wifi yako, ninayewaombea kila alfajiri.