Kwa Nini Nilicheka Msibani Kwako

Shangazi Zuwena,

Shikamoo, ijapokuwa hutoniitikia. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: kwa nini nilicheka msibani kwako. Mama mpaka leo hajanisamehe. Anasema nimemtia aibu mbele ya wanawake wa mji wetu wote wa Sib. Mimi, ambaye hata salamu naitoa kwa kunong'ona!

Walikuwa wanazungusha kahawa. Jirani yako akatikisa kikombe, yaani basi, imetosha, na mimi papo hapo nikakuona kule Nepal, kwenye safari yetu ya milimani, jikoni kwa yule mama wa Kisherpa aliyetupokea, umelikumbatia jiko, soksi zako zinafuka mvuke. Kakupa ile chai yao ya chumvi na siagi. Ukainywa kwa adabu, kisha ukatikisa kikombe kama tulivyozoea huku kwetu. Yeye akadhani unaomba nyengine. Akajaza. Ukatikisa tena, kwa nguvu. Akajaza tena, na furaha juu!

Ukaninong'oneza: "Mwanangu niokoe, nnageuka samli."

Basi mimi, Shangazi, mimi huyu, nikasimama mbele ya watu nisiowajua, nikafunika kikombe chako kwa kiganja, nikasema kwa sauti: basi! Wote wakacheka, na yule mama zaidi. Sijapata kujisikia nikiwa na sauti vile.

Hicho ndicho kilichonichekesha. Baadaye nililia, lakini kilio changu hakuna aliyekiona.

Sasa wanasema mlima ndio uliokuua. Umefariki hapa hapa, nyumbani kwako, unamenya vitunguu, miezi mingi tangu turudi, na daktari kasema ni mshipa wa kichwa uliopasuka. Lakini wao: "Mwanamke mzima kuparamia milima, akitafuta nini?" Mama anatikisa kichwa tu, anakubali. Na mimi kaniambia nisahau, kule sirudi tena, hata nikiwa mkubwa.

Akitafuta nini! Wangekuona kwenye ile njia ya kimya, hakuna mtu, kengele tu za wale ng'ombe wa manyoya marefu. Mawe yaliyochongwa dua zao tunayapita kwa kushoto, kwa sababu ndiyo heshima ya kwao. Unahema, unasimama kila kona, unaniambia, "Polepole, hakuna anayetufukuza." Bibi mmoja shambani kwake akaacha kuchimba viazi ili akupungie mkono. Ulikuwa... sijui niseme vipi. Ulikuwa hai kuliko wote waliokaa kwenye yale mazulia kukusema.

Nitarudi, Shangazi. Nakuahidi, hata ikinibidi nimalize skuli kwanza na nifanye kazi. Na tangu leo hakuna atakayekusema nikiwepo nami nikanyamaza. Mungu akulaze pema, mpenzi wangu.

Ndara za Mama hizo, anakuja. Siku zote nikizisikia huisukuma karatasi hii chini ya mto. Leo naiacha mezani.

Aisome yote. Kisha aniulize.