Boga lililopinda

Mama mupendwa kule Pepa,

Salamu toka Kalemie. Ziwa limechafuka tangu juzi, lakini mimi niko muzima. Leo agronomu, mwalimu wetu wa kilimo, alitupasulia darasani boga lililopinda: upande munene ulijaa mbegu, upande uliosinyaa haukuwa na hata moja.

"Mbegu njo zinatoa homoni inayokuza tunda," akasema. "Ua likikosa unga wa kutosha wa ua dume, mbegu hazishiki upande mumoja."

Nikasimama, nikaeleza unavyogusisha maua dume na majike kila asubuhi, majirani wakikucheka.

"Nani alikufundisha?"

Nikataja jina lako lote. Akaliandika ubaoni, juu ya lile neno homoni.

Mungu akulindie mikono. Majirani wakipita, uwasomee kadi hii polepole.

Mutoto wako, Feza