Petroli ya Namba Tisini na Nane

3 Februari

Shemeji,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na walio nyumbani kwako hamjambo. Sisi huku wazima, dada yako mzima kupita kiasi. Mimi mzima isipokuwa macho, na hayo ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika. Simu ningepiga, lakini najua nikisikia sauti yako tutagombana kabla ya kuulizana hali, na miaka saba ya kununiana itakuwa imepotea bure.

Daktari amesema jicho la kushoto limekwisha. La kulia lina presha ileile, dawa zinalichelewesha tu. Mwezi wa sita nikiwa bado naiona barabara, nishukuru. Nikamwuliza sasa nifanye nini. Akasema, "Mzee, angalia vitu unavyovipenda." Mimi nataka kulipandisha lile gari letu la mashindano kilima cha machimboni, mara moja tu, mguu mpaka chini, kama zamani.

Tatizo ni injini. Tangu ulipoondoka inagonga. Ukikanyaga, unasikia kokoto kwenye kopo. Miaka saba naliendesha kama namvusha bibi kizee barabara. Kituo cha mafuta hapa kina pampu tatu siku hizi: tisini na moja, tisini na tano, tisini na nane. Kila ninayemwuliza ana dini yake. Wewe ndiye uliyekuwa mtu wangu wa mafuta. Niweke ipi?

Shemeji yako


19 Februari

Shemeji wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Hali yangu njema, ukiacha tumbo linalonitangulia mlangoni na magoti yanayotoa tangazo kila nikiinuka. Pole sana kwa macho. Sina neno la kukupa hapo. Mimi hata miwani naitafuta huku nimeivaa.

Kuhusu petroli, weka tisini na nane. Watu hudhani namba ni nguvu, kama kumpa mgonjwa supu nzito. Siyo. Namba ni uvumilivu. Petroli hubanwa ndani ya silinda. Yenye namba ndogo ikibanwa sana hulipuka yenyewe kabla haijaitwa, na papara hiyo ndiyo kokoto unazozisikia. Yenye namba kubwa husubiri cheche iipe ruhusa. Kwa kifupi, tisini na moja ni mimi kwenye foleni ya benki, tisini na nane ni mke wangu.

Jaza hiyo, panda kilima chako, mengine yaache. Msalimie dada yangu.

Shemeji yako


2 Machi

Shemeji,

Salamu. Sisi wazima. Pale pa foleni nilicheka mpaka dada yako akaja kuangalia kama nimeanguka.

Lakini nimekwenda kituoni nikakuta pampu ya tisini na nane imevishwa gunia. Meneja anasema haina wanunuzi, hawataileta tena. Hata tisini na tano inaisha wiki hii. Itabaki tisini na moja tu. Na ndani ya kifuniko cha tangi, waliolitengeneza gari wenyewe wameandika tisini na moja! Sasa kwa nini wewe unasema tisini na nane? Nikikanyaga na hii, injini itavumilia au nitaiua?

Fundi wa hapa alitaka kufungua achungulie. Nikamkataza. Tuligombana, sawa. Nilikutukana mbele ya watu, sawa. Lakini mkono wa mwisho kugusa injini ile ni wako, na miaka yote hii sijaruhusu spana ya mtu mwingine iguse ulichokiweka wewe.

Jibu upesi. Jana niliiamkia nguzo ya umeme nikidhani ni mwalimu mkuu.

Shemeji yako


8 Mei

Shemeji wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na jicho bado liko kazini. Najua nimekaa wiki tisa. Nimeiandika mara tano. Nne zimewashia jiko, na mke wangu ameanza kuuliza kama nina mwanamke.

Injini yako haijawahi kuugua.

Asubuhi ya mashindano yale ya mwisho nilikuja na pipa la tisini na nane, nikushangaze. Kabla hujafika nikalegeza kile kikombe kinachogawa moto kwa plagi, nikakizungusha kidogo ili cheche ziwahi. Petroli ile ingevumilia, na gari lingepaa. Ndipo ukaja, tukabishana kuhusu matairi, ukasema mbele ya watu wote, "Wewe kazi yako kumwaga petroli, usinifundishe kuendesha." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, unanijua. Kisha nikapakia pipa langu nikaenda zangu. Cheche nikaziacha hapo zilipo.

Nilijua kwa petroli ya kawaida litagonga. Nilitaka ligonge siku moja, uje kwangu unapiga kelele, nikuzungushie kikombe kidogo, yaishe. Nilijiambia fundi yeyote atagundua kwa dakika tano. Sikujua utawafukuza mafundi wote kwa heshima yangu. Mwaka wa kwanza niliona aibu ya nilichofanya. Wa pili, aibu ya kuchelewa kusema. Baada ya hapo nikawa mtu wa kuulizia mvua kila dada akilitaja gari.

Fanya hivi. Kuna boliti moja chini ya kikombe, spana namba kumi na tatu. Legeza. Utaona mikwaruzo miwili ya msumari niliyoichora kabla sijakizungusha, mmoja kwenye kikombe, mmoja kwenye injini. Zungusha mpaka ikutane, kaza. Hapo tisini na moja itakutosha kabisa, kanyaga utakavyo. Kabla ya hapo usikanyage, utatoboa pistoni.

Ningekuja mwenyewe. Stendi nimefika mara mbili, nikarudi.

Shemeji yako, kama bado


11 Juni

Shemeji,

Salamu. Anayeshika kalamu ni dada yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameapa hataongeza la kwake. (Sijaapa.) Hatujambo kiasi.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na moja Mei. Jicho lilikuwa limekwenda tarehe kumi na tano. Halikuuma. Niliamka nikauliza kwa nini hawajafungua madirisha.

Kilima nilipanda tarehe tatu Mei. Nisingeweza kukungoja zaidi. Nilijaza tisini na moja, nikasubiri Jumapili machimbo yakiwa yamefungwa, nikamkalisha dada yako pembeni awe jicho la kushoto. "Kona!" anasema. "Ya wapi?" "Ya huku!" Huku wapi, mwanamke? (Nilionyesha kwa kidole.) Tulipofika penye mnyooko nikakanyaga. Kokoto zikaanza. Nikasema gari hili limenibeba miaka yote, siwezi kuliua kwa tamaa ya dakika tatu. Nikaondoa mguu. Tulifika juu polepole mno, mlinzi akatoka kuuliza kama tunataka kusukumwa.

Barua yako iliposomwa nilimwambia dada yako arudie pale pa mikwaruzo tu. Nikaenda na spana. Mikwaruzo nimeipata kwa ukucha. Nikakaza, nikawasha, nikakanyaga palepale uani. Zamani hata likiwa limesimama lilikohoa. Sasa kimya, shemeji. Injini inavuta pumzi moja, ndefu, safi. Nilikaa mle ndani nikitamani igonge, walau nipate sababu ya kuondoa mguu.

(Alikaa mpaka chai ikapoa. Sikumwita.)

Sijakasirika. Ningekuwa nimekasirika ningejua la kufanya. Usiniombe radhi, na ukija sitajua nikupe mkono au nikupige nao, na kwa vyovyote nitakukosa.

Tangi liko zaidi ya nusu. Nina swali moja tu, na wewe ndiye mtu wa mafuta: petroli ikikaa tangini bila gari kwenda popote, huchukua muda gani kuharibika?

Shemeji yako